Kufundisha Maigizo na Kuzungumza Hadharani Sekondari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mwalimu aliyekabidhiwa somo la maigizo, klabu ya midahalo, au vyote viwili, mara nyingi bila kuulizwa kama anataka. Urefu wa majibu haulingani kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito. Kama una kipindi kesho asubuhi, anzia swali la tatu.

Sijawahi kupanda jukwaani maishani mwangu. Naweza kufundisha maigizo?

Unaweza. Anayehitajika ni mtu wa kupanga zoezi, kutazama kwa makini, kisha kusema alichokiona. Waigizaji hodari wengi hufundisha vibaya kwa sababu hukimbilia kuonyesha: "Sema hivi!" Mwanafunzi huiga sauti ya mwalimu, na baada ya muhula mmoja darasa zima linaigiza kama mtu mmoja. Asiyejua kuigiza hana kishawishi hicho.

Unachopaswa kukishika ni kimoja, nacho kitajirudia katika karibu kila jibu hapa chini: mtu aliye mbele za watu anahitaji kazi ya kufanya. Ukimwambia "jiamini" au "weka hisia", umempa amri ambayo hata wewe huwezi kuitii kwa kutaka tu. Ukimwambia "mfanye yule aliyekaa dirishani akubali kwamba adhabu ile haikuwa ya haki", sasa ana kazi, na akili yake inapata pa kwenda badala ya kujichungulia yenyewe.

Maigizo na kuzungumza hadharani ni somo moja au mawili?

Mitihani huyatenganisha, mwili wa mwanafunzi hauyatenganishi. Pumzi, sauti, namna ya kusimama, kusikiliza, kujua unamwambia nani na unataka afanye nini, yote hayo yanatumika kotekote. Tofauti kubwa ni kwamba mwigizaji husema na mhusika mwenzake huku hadhira ikisikiliza, ilhali mzungumzaji husema na hadhira yenyewe moja kwa moja. Ushauri wangu: muhula uanze na michezo ya maigizo, hotuba zifuate. Mwanafunzi aliyekwisha kutambaa sakafuni akijifanya jasusi mbele ya wenzake haoni tena hotuba ya dakika mbili kuwa suala la kufa na kupona.

Kipindi cha kwanza nifanye nini?

Usianze kwa kumsimamisha mmoja mmoja ajitambulishe. Anayengoja zamu hamsikii anayezungumza. Anahesabu waliobaki kabla yake.

Sogezeni madawati, simameni duara, wewe ukiwa ndani ya duara hilo. Anza na kofi la kupokezana: unamgeukia jirani, mnatazamana, mnapiga kofi kwa pamoja, naye anamgeukia anayefuata. Kofi likizunguka vizuri, ongeza kasi, kisha ruhusu limrukie yeyote aliye ng'ambo ya duara. Asiyetazama anakosa kofi, na hakuna anayehitaji kuelezwa kosa lake.

Halafu hesabuni hadi 20. Yeyote anaweza kutaja namba inayofuata, ila wawili wakitaja kwa wakati mmoja mnarudi kwenye moja. Madarasa mengi hukwama kwenye sita au saba kwa muda, kisha ghafla utulivu unaingia na namba zinasonga. Huo ni usikivu, na umewafundisha bila kulitaja neno lenyewe.

Mwisho, wawili wawili: mmoja ana kalamu, mwenzake anaihitaji sana. Kunyang'anya hairuhusiwi. Dakika moja, darasa zima kwa pamoja, ili pasiwepo mtazamaji hata mmoja. Rudieni, lakini safari hii anayeomba ana neno moja tu: "tafadhali". Utaona macho, magoti na mikono vikianza kufanya kazi ambayo maneno yalikuwa yameihodhi.

Viola Spolin (1906–1994), Mmarekani aliyefanya kazi na watoto mjini Chicago, alijenga mfumo mzima wa ufundishaji juu ya michezo ya namna hii. Kanuni yake ni kwamba kila mchezo uwe na tatizo moja la kutatuliwa na macho ya wachezaji yaelekezwe huko. Ukitunga michezo yako mwenyewe, jiulize kwanza: tatizo ni lipi? Ukikosa jibu, huo si mchezo bado.

Mkuu wa shule anasema tunacheza tu. Nimjibu nini?

Inawezekana ana haki. Mchezo usiofuatwa na swali ni burudani tu. Maliza kila zoezi kwa swali moja, dakika mbili: "Nini kilibadilika ulipobakiwa na neno moja?" Wakishajibu, fungua hotuba au onyesho mnalolishughulikia na uombe mahali pa kulitumia jibu hilo. Mkaribishe mkuu siku hiyo.

Nina wanafunzi 40 na kipindi cha dakika 40. Watazungumza lini?

Hesabu yenyewe inatisha: wanafunzi 40 kwa dakika 3 kila mmoja ni dakika 120, yaani vipindi vitatu kamili bila makofi, bila maoni, na watu 39 wakiwa wamekaa. Ndiyo maana walimu wengi huishia kufundisha nadharia ya hotuba.

Gawa vikundi vya wanne. Kumi wanazungumza kwa wakati mmoja, na ndani ya robo saa kila mtu amepata zamu yake. Kelele zitakuwepo; zivumilie, maana zinamlazimisha msemaji kutamka vizuri na msikilizaji kuinama mbele. Kila msikilizaji apewe kazi: mmoja anashika saa, mmoja anaandika sentensi moja iliyomkaa kichwani, mmoja anaandaa swali. Wewe zunguka na daftari. Mbele ya darasa zima wasimame wawili au watatu tu kwa kipindi, na majina yao yajulikane wiki moja kabla. Kumshtukiza mtu ni njia nzuri ya kumfundisha kuchukia somo.

Mwanafunzi wangu anatetemeka, machozi yanamtoka, au anakataa kabisa kusimama. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, na usimsamehe moja kwa moja pia. Anayesamehewa kila mara anajifunza kwamba woga wake ulikuwa na sababu.

Mweleze kwanza kinachotokea mwilini. Mwili umehisi hatari na kumwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, kinywa kinakauka, viganja vinatoa jasho, pumzi inapanda kifuani. Wazungumzaji wazoefu wengi huyapata hayo hayo na bado hupanda jukwaani. Kumwambia "tulia" hakusaidii, kwa kuwa mwili uliochemka hautulii kwa amri. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia "nimesisimka" kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo unaendelea kudunda vilevile. Kilichobadilika ni jina la hali hiyo.

Kisha mwambie jambo la pili, ambalo wanafunzi hulipokea kwa mshangao: woga hauonekani kwa kiasi anachodhani. Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walilipima hili katika utafiti wa mwaka 2003. Wazungumzaji walidhani wasikilizaji wanauona wasiwasi wao wote, kumbe sivyo. Na walioelezwa ukweli huo mapema walizungumza vizuri zaidi. Unaweza kuthibitisha darasani bila maabara. Msemaji ajipe alama ya woga kati ya 1 na 10, wasikilizaji nao waandike waliyoiona, kisha karatasi zilinganishwe. Mara nyingi yake ndiyo kubwa.

Baada ya hapo, panga ngazi. Asome kifungu kwa pamoja na wenzake watatu. Asome peke yake kwa mwenza mmoja. Azungumze katika kikundi cha wanne akiwa amekaa, baadaye akiwa amesimama. Asimame mbele ya darasa akieleza kitu alichokishika mkononi, kwa kuwa kitu hicho huvuta macho ya watu na kumpunguzia mzigo. Ngazi ya mwisho ni hotuba yenyewe. Wengine huvuka ngazi mbili kwa wiki, wengine hukaa kwenye moja mwezi mzima. Mwachie yeye aseme yuko tayari kwa ipi, ila "hakuna" isiwe mojawapo ya majibu.

Ukiona mtu anashindwa kupumua, anakwepa shule siku za zamu, au anapatwa na hofu hiyo hiyo hata anapoulizwa jina, hilo limevuka somo lako. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi.

Wapo wasiotetemeka: wao wanacheka tu.

Kicheko cha sekondari mara nyingi ni woga uliovaa nguo nzuri. Usihubiri. Wape kazi ngumu zaidi, ifanywe kwa kasi zaidi. Anayemcheka mwenzake aliye mbele ni suala jingine, na sheria hiyo iwekwe siku ya kwanza kisha isimamiwe bila mzaha.

Sauti zao hazifiki nyuma ya chumba. Nawaambia wapaze, wanapiga kelele. Nifanyeje?

Acha kusema "paza sauti". Neno hilo huwafanya wakaze shingo, na shingo iliyokazwa hutoa sauti nyembamba inayokwaruza. Sauti ni pumzi inayopita kwenye nyuzi za sauti kooni na kuzitetemesha. Anayetaka sauti kubwa zaidi anahitaji pumzi zaidi chini yake, na koo lililolegea.

Walale chali, mkono mmoja juu ya tumbo. Wakivuta pumzi bila haraka, mkono unainuka. Mabega hayana kazi. Wasimame na watafute pumzi ileile. Watoe "sss" ndefu kwa sekunde 15, kisha 20, bila kuikata. Wavume "mmm" hadi midomo iwashe, kisha wafungue kinywa "mmmaaa". Watetemeshe midomo kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea. Dakika tano kwa siku zinatosha, mradi ziwe za kila siku.

Halafu rudi kwenye kazi. Weka mwenza mita mbili mbele, msemaji amwambie jambo la kweli. Mwenza arudi nyuma hatua tatu, aambiwe tena. Arudi hadi ukutani. Msemaji hapazi sauti, anamfikia mtu. Sauti hukua yenyewe, na silabi za mwisho ambazo zilikuwa zikimezwa hurudi.

Mengine ya kuzingatia: kunong'ona hakupumzishi koo lililochoka; kunyamaza ndiko kunakopumzisha. Maji yanywewe siku nzima, maana gilasi moja dakika ya mwisho hulowesha kinywa tu. Wavulana ambao sauti inavunjika wasilazimishwe kushuka chini ili wasikike wakubwa. Zoloto yao, yaani kisanduku cha sauti kooni, inakua, na sauti itayumba kwa miezi kadhaa hata ufanyeje. Mpe mhusika ambaye sauti inayoyumba haimharibii. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki 3 iende kwa daktari.

Wakariri hotuba neno kwa neno, au wasome karatasini?

Vyote viwili nina mashaka navyo. Anayekariri kila neno akipotea, anapotea kabisa, kwa kuwa anatafuta neno badala ya wazo. Anayesoma ananyima watu macho yake.

Wafundishe kukariri sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho na mpangilio wa hoja. Katikati watumie kadi yenye maneno matano au sita tu. Waizungumze hotuba mara nyingi kabla ya kuiandika, wakimsimulia mtu tofauti kila mara. Maneno yatabadilika, hoja zitakaa. Lugha ya kusikilizwa ina sentensi fupi na marudio, na mwanafunzi anayeanzia kwenye karatasi huandika insha kisha akaiita hotuba. Ukiiona "hali kadhalika" mara tatu ndani ya dakika mbili, ujue unasikiliza insha.

Urefu upimwe kwa saa, kwa sauti kamili, msemaji akiwa amesimama. Kusoma kimya kunadanganya.

Hotuba ianzeje?

Si kwa orodha ndefu ya salamu, ingawa itifaki pale inapohitajika iheshimiwe kwa sentensi moja. Wala si kwa kusoma maana ya neno kutoka kwenye kamusi. Aanze na tukio, swali ambalo kweli analitafutia jibu, au kitu ambacho wasikilizaji wanakiamini naye anataka kukipinga. Kabla hata ya hapo, afike mahali pake, asimame kwa miguu yote miwili, atazame watu, avute pumzi. Kimya hicho cha sekunde mbili au tatu kitaonekana kwake kirefu mno. Kwa hadhira ni kawaida kabisa.

Mikono waiweke wapi?

Iachwe ining'inie hadi ipate kazi. Ukianza kupanga ishara za mikono, utapata wanafunzi wanaoongoza magari barabarani.

Ni kweli asilimia 93 ya mawasiliano haitegemei maneno?

Hapana, na kama una bango lenye namba hiyo ukutani, tafadhali liondoe. Namba hiyo inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967. Yalihusu jinsi watu wanavyokisia hisia za msemaji pale neno moja, toni na uso vinapopingana. Mehrabian mwenyewe amesisitiza kwamba matokeo hayo hayahusu mazungumzo yote. Kama yangehusu, ungeelewa asilimia 93 ya hotuba ya lugha usiyoijua. Kinachobaki kuwa kweli ni kidogo lakini kina manufaa: uso ukisema kimoja na maneno kingine, watu huamini uso.

Mwanafunzi ana kigugumizi. Je, nimwondoe kwenye orodha?

Muulize yeye, faraghani. Wengi wanataka kuzungumza. Wanachochoka nacho ni watu kuwamalizia maneno. Mkubaliane mapema ufanye nini akikwama, na mara nyingi jibu ni kutofanya chochote: ngoja, endelea kumtazama kama unavyomtazama yeyote, usiseme "polepole". Usimkate alama kwa muda wa ziada. Watu wengi wenye kigugumizi huzungumza kwa wepesi zaidi wanaposema kwa pamoja na wengine, kwa hiyo kughani kwa kikundi ni mlango mzuri wa kuingilia. Kuhusu lafudhi, iache ilivyo. Rekebisha tu matamshi yanayomfanya msikilizaji ashindwe kuelewa.

Nianzishe mdahalo wa aina gani?

Ipo miundo mingi, na wa Mashindano ya Dunia ya Midahalo ya Shule, yaliyoanza mwaka 1988, unafaa shule vizuri: timu mbili za wasemaji watatu, hotuba za dakika 8, na mwishoni hotuba ya majibu ya dakika 4 kwa kila timu. Wapinzani wanaruhusiwa kusimama na kuomba kuuliza katikati ya hotuba kuu, isipokuwa katika dakika ya kwanza na ya mwisho. Msemaji ana haki ya kukubali au kukataa. Muundo wa Bunge la Uingereza una timu nne za watu wawili wawili na hotuba za dakika 7, na huwachanganya wanaoanza. Kwa darasa jipya, punguza dakika 8 ziwe 3 na uyaache maswali ya katikati hadi wazoee.

Mtihani wa kweli ni kujibu hoja. Midahalo mingi ya shule ni hotuba sita zilizoandikwa nyumbani na kusomwa kwa zamu. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Weka sharti hili: kabla ya kutoa hoja yake, kila msemaji arudie hoja ya mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe ataikubali. Asipoikubali, ajaribu tena huku saa ikienda. Wiki mbili za sharti hili hufanya kazi ambayo mafunzo marefu ya "mbinu za kushawishi" hayaifanyi.

Pande zigawanywe kwa kura. Anayetetea asichokiamini hujifunza zaidi. Ila usiweke kwenye mjadala utu wa kundi ambalo watoto wake wamekaa darasani humo.

Nichague tamthilia gani? Nina watu 35, wahusika ni wanane.

Chagua hadithi ambayo vijana watabishana juu yake wakiwa njiani kurudi nyumbani. Mengine yanarekebishika. Wahusika wakiwa wachache, gawa tamthilia vipande na kila kikundi kiigize onyesho moja, mhusika mkuu akitambulishwa kwa kitu kimoja, kwa mfano kitambaa kinachopokezanwa. Au tumia kwaya ya wasimulizi. Msichana acheze mzee, mvulana acheze bibi. Hadhira huamini ikiona kazi imefanywa kwa dhati.

Wapo pia wasiotaka kuigiza. Mwelekezi msaidizi, mshika hati wa kukumbusha mistari, msimamizi wa jukwaa, wa taa, wa maleba (mavazi ya jukwaani), wa sauti: hizo ni kazi kamili, na msimamizi wa jukwaa aliye hodari ana thamani kuliko nyota wawili.

Tunahitaji ruhusa kuigiza tamthilia ya mtu?

Kama haki miliki yake bado hai, ndiyo, hasa mkionyesha mbele ya umma au kutoza kiingilio. Mkataba wa Berne, ambao ni wa kimataifa kuhusu haki miliki, unaweka muda wa chini wa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimeuongeza hadi 70. Shakespeare alifariki mwaka 1616, hivyo yuko huru. Tafsiri yake iliyofanywa juzi ina haki zake zenyewe. Kazi za darasani huwa na nafuu katika sheria nyingi, lakini soma sheria ya nchi yako. Au andikeni yenu.

Wamekariri mistari yote, lakini wanaigiza kama wanasoma ubaoni. Nimejaribu kila kitu.

Hili ndilo swali kubwa la somo zima. Wengi hujaribu kulitibu kwa kuongeza hisia: "Kasirika zaidi! Huzunika!" Matokeo ni nyuso zilizokunjwa na sauti za kilio kisicho na mtu ndani yake.

Mwelekezi Mrusi Konstantin Stanislavski (1863–1938), mmoja wa waasisi wa jumba la maigizo la Moscow Art Theatre mwaka 1898, alitumia maisha yake kwenye tatizo hili hili. Sehemu ya mafunzo yake inayofaa darasani ni rahisi kuitaja: mhusika anataka kitu, kutoka kwa mtu fulani, sasa hivi. Hisia hufuata, kama matokeo ya kupata au kukosa.

Kwa hiyo keti na kila mwanafunzi mfanye kazi ya vitenzi. Chukua mstari "Umechelewa." Muulize anamfanya nini mwenzake kwa mstari huo. Akijibu "nimekasirika", hajajibu. Hiyo ni hali. Kitenzi kinachofaa kina mtu wa kutendewa: ninamwaibisha, ninambembeleza, ninamtega, ninamwonya, ninamfukuza, ninamkaribisha. Aseme "Umechelewa" kwa kila kimoja na darasa likisie. Mstari ni uleule, na sasa una maisha sita. Uambishaji wa lugha yetu unakusaidia sana hapa: kile kiambishi cha mtendewa, *-m-*, kikikosekana kwenye jibu, mwigizaji bado hajaamua.

Mpe kila mmoja penseli aandike kitenzi pembeni mwa kila zamu yake. Siku inayofuata mwambie mwenzake, kwa siri, abadilishe cha kwake. Aliyezoea kubembelezwa anajikuta anatishwa, na kwa mara ya kwanza analazimika kusikiliza. Hapo ndipo usomaji wa ubaoni unapokufa. Ukirudi baada ya wiki, angalia kama umefufuka. Hufufuka sana pale watu wanapozoea onyesho, na dawa ni ileile: badilisha kitenzi kimoja.

Mazoezi yachukue muda gani?

Kwa onyesho la saa moja, wiki 8 hadi 10, mikutano miwili au mitatu kila wiki. Wiki ya kwanza ya kusoma mkiwa mezani na kuuliza nani anataka nini. Zinazofuata za kupanga miondoko, kipande kwa kipande. Kulia na kushoto kwa jukwaa huhesabiwa kutoka kwa mwigizaji anayetazama hadhira, na mkubaliane hilo mapema. Hati ziwekwe chini ifikapo nusu ya safari. Wiki ya mwisho ni ya taa, maleba na kupitia onyesho zima bila kusimama. Usiongeze wazo jipya wiki hiyo, hata likiwa zuri kiasi gani.

Onyesho lina mapenzi, kipigo au kifo. Nilifanyeje?

Kila mguso upangwe kama hatua za ngoma: mkono unaanzia wapi, unaishia wapi, kwa hesabu ngapi. Hakuna kubuni papo hapo kwenye maonyesho haya. Kila mwanafunzi awe na haki ya kusema "hapana" bila kutoa sababu, na mguso ubadilishwe. Busu linaweza kuwa viganja viwili vinavyokaribiana, taa ikazimwa. Katika kofi la jukwaani mkono hauugusi uso. Sauti hutoka kwa anayepigwa, akipiga makofi kwa siri. Na usiwahi kumwambia mwanafunzi akumbuke msiba wake wa kweli ili alie. Wewe si daktari wa nafsi, na kengele ikilia atakwenda kwenye hisabati akiwa na kidonda kibichi.

Tuna igizo la kuelimisha kuhusu uonevu shuleni. Kwa nini linachosha hivi?

Kwa sababu jibu linajulikana kabla ya pazia kufunguka, na mhusika mbaya hana hoja. Mbrazili Augusto Boal (1931–2009) alikuwa na njia nyingine. Igizo fupi linaonyeshwa, na mhusika anashindwa. Linaanza upya, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama!", akachukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia yake. Waigizaji wengine wanampinga kwa nguvu zao zote. Aliyekaa nyuma akisema "angeripoti tu" anasimama, anaripoti, na kugundua ugumu ulipo. Kati ya majaribio hayo darasa hupata mjadala usiohitaji kuchochewa. Msimamizi awe mwalimu, na anayechukuliwa nafasi yake awe mwonewa; ukianza kumbadilisha mwonevu, tatizo linayeyuka kimiujiza.

Akisahau mstari katikati ya onyesho?

Wenzake wamsaidie wakiwa ndani ya uhusika: "Ulikuwa unaniambia kuhusu barua." Fanyeni mazoezi ya hili kwa makusudi, mwigizaji mmoja akiagizwa kwa siri kunyamaza mahali fulani. Kwa hotuba, anayepotea arudie sentensi yake ya mwisho polepole. Aghalabu inayofuata hujileta.

Nitatoaje alama kwa kitu kama hiki?

Toa alama kwa kinachoonekana na kusikika. "Kujiamini" si kigezo, kwa kuwa kinampa alama aliyezaliwa nako. Andika badala yake: alisikika hadi safu ya mwisho, alitazama pande zote za chumba, hoja zilifuatana na kila moja ilikuwa na mfano, alijibu swali aliloulizwa. Kwa maigizo: alimsikiliza mwenzake kabla ya kujibu, matendo yake yalionyesha anachokitaka, alishika mipango ya mazoezini. Vigezo vinne au vitano vinatosha, na wanafunzi wavijue kabla. Tenga sehemu ya alama kwa maendeleo tangu zoezi la kwanza, na sehemu kwa kazi ya nyuma ya jukwaa.

Maoni ya mdomo yawe mawili tu kwa kila msemaji: moja la kushika, moja la kubadilisha. Mwenye mambo saba ya kurekebisha harekebishi hata moja.

Niwarekodi video?

Ndiyo, kwa ruhusa yao na ya wazazi, na rekodi zisitoke nje ya darasa. Mara ya kwanza mwanafunzi ajitazame peke yake, kwa sababu atakachokiona ni nywele na pua yake. Mara ya pili atazame bila sauti na aandike mahali anapopoteza wasikilizaji. Mara ya tatu asikilize bila picha. Ndipo mje mkae pamoja, yeye akiwa wa kwanza kusema.